Mteja wa Kwanza Anayechomewa Karatasi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, huku baridi ya Januari ikiwa imeganda kwenye vioo vya magari, Đoàn Khuê anaegesha kigari chake cheupe nyuma ya safu ya maduka mjini Torcy, mashariki mwa Paris. Anazima taa. Hashuki mara moja. Anasubiri mlango wa chuma ufunguliwe.

Mlango unafunguliwa. Mwanamke mfupi mwenye aproni iliyorukiwa na mchuzi anatoa kichwa nje. Hasalimii.

"Chombo kiko wapi?"

"Hiki hapa, dada Ngà."

"Pesa kamili? Mimi sina chenji asubuhi hii."

"Kamili. Kama jana."

Mwanamke anachukua hotpoti na pesa, anaingia ndani, anarudi na hotpoti imejaa, imefungwa kwa kitambaa. Khuê anaipokea kwa mikono miwili na kuiweka kwenye kiti cha abiria. Anaifunga mkanda wa usalama kama mtoto.

Anapoondoa gari, kwenye kioo cha pembeni unaonekana moto. Mwanamke yuleyule amesimama kizingitini na gazeti linalowaka mkononi. Analipitisha kushoto na kulia mlangoni, analitupa chini, analiruka mara kadhaa huku midomo ikimchezacheza.

"Mwache achome," Khuê anamwambia mwandishi aliyekaa kiti cha nyuma, akibadilisha gia. "Mimi nataka supu ifike ya moto, basi."

Katika jamii ya Wavietnamu wa vitongoji hivi, mteja wa kwanza ndiye anayeibeba siku nzima. Akiwa na mguu mwepesi, akanunua bila kubishania bei, wengine watamfuata mpaka jioni. Akiwa na mguu mzito, mwenye duka huchoma karatasi mlangoni kuifukuza nuksi. Wengi hufanya hivyo kwa siri, mteja akishapotea kwenye kona. Ngà hangoji kona. Anataka mteja wake aone.

Na Khuê anaona, kila siku ya kazi, tangu Oktoba.

Ana umri wa miaka sitini na sita. Wenzake humwita Sáu, jina la zamu yake ya kuzaliwa, kama ilivyo desturi ya watu wa kusini. Kazi yake ni kusambaza tambi mbichi za mchele kutoka kiwanda kidogo cha Lognes kwenda kwenye migahawa ya Noisiel, Champs, Torcy na Bussy. Anaanza kupakia saa kumi alfajiri, tambi zikiwa bado na joto la mvuke. Analipwa yuro elfu moja na mia tano kwa mwezi, na alipaswa kustaafu zamani.

"Pensheni yangu ingemtosha mtu mmoja mwenye afya njema," anasema. "Sisi ni wawili, na afya ni nusu."

Nusu hiyo anaijua yeye tu. Mkewe, Lài, alipigwa na kiharusi miezi kumi na minne iliyopita akiwa anaosha mboga jikoni. Upande wa kulia ulikufa. Maneno yakabaki machache, yanakuja na kupotea. Akili yake huwa wazi asubuhi tu, tangu anapoamka hadi jua linapopanda. Baada ya hapo anageukia ukutani, anafunga mdomo, na hakuna kijiko kinachoingia.

Hilo la mdomo ndilo linalomnyima Khuê usingizi. Hospitali walimpa uji, maziwa ya unga, viazi vilivyosagwa. Alitema vyote. Daktari akasema waziwazi kwamba mama huyu akishuka chini ya kilo thelathini na sita, watamtoboa tumbo na kumwekea mpira wa kulishia. Na mtu mwenye mpira hawezi kubaki nyumbani na mume anayeondoka saa tisa usiku. Atapelekwa kwenye nyumba ya wazee.

"Lài alishawahi kumtembelea jirani yetu kwenye nyumba ya namna hiyo," anasema Khuê. "Tukiwa ndani ya basi kurudi, akaniambia, 'Mzee, mimi usinilaze mahali ambapo hakuna anayejua mchuzi wetu wa samaki, nuoc mam, ni nini.' Tulicheka. Sasa sicheki."

Mwezi wa tano baada ya kiharusi, asubuhi moja, Lài alifungua macho akatamka kitu. Khuê aliinama karibu na mdomo wake. Lilikuwa jina la supu ya tambi ya kwao Sóc Trăng, kusini mwa Vietnam, ile inayopikwa kwa samaki waliovundikwa kwa chumvi, mchaichai, kamba na nyama ya nguruwe ya kuchoma. Supu inayonuka kabla hujaiona.

Khuê alijaribu kuipika mwenyewe.

"Nyumba ilinuka mpaka jirani wa juu akapiga simu kwa mwenye nyumba akidhani kuna maiti," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii uso wake unalegea. "Nikampelekea Lài. Akaonja. Akaniangalia kama ananihurumia. Akatema."

Ndipo alipoanza kutafuta. Mtu angedhani kazi hiyo ni rahisi kwake, maana anaingia kwenye kila jiko la kivietnamu la vitongoji hivi kwa mlango wa nyuma. Lakini karibu wote wanapika phở, supu ya ng'ombe, kwa sababu ndiyo inayojulikana na wateja wa ofisini.

Ana njia zake za kuupima mgahawa, na huzieleza bila kuombwa.

"Ukiona menyu ina kurasa kumi na picha za sushi, geuza gari. Ukiona pipa la nyuma lina makopo mengi kuliko mifupa, geuza gari. Sahani ya majani ikija na rihani tatu zilizolala kama zimefiwa, kula haraka uondoke. Lakini ukiwakuta wazee wanne wamekaa meza moja na hakuna anayeongea, kaa. Hapo pana chakula."

Kwa miezi mitatu alibeba kijiko mfukoni. Kila jiko alilopelekea tambi aliomba kuonja. Wapishi walimzoea, wakaanza kumtania.

"Kaka Sáu, leo umeleta tambi au umeleta tumbo?" alimwambia siku moja Bé, mpishi mnene wa Noisiel. "Mwezi ujao nakutoza kila kijiko!"

"Toza. Ila kwanza ujifunze kupika, ndipo utoze."

"Toka hapa! Mke wako ana bahati hasikii matusi yako siku hizi!"

Bé alilisema hilo kwa utani. Siku iliyofuata alimpikia supu ya samaki bure, akakoroga na kukoroga. Lài aliigusa kwa ulimi na kugeuza kichwa. Mpishi mmoja wa Bussy alitia sukari nyingi, mwingine wa Champs hakuwa na samaki sahihi akatumia mchuzi wa chupa. Kilo zikawa zinaondoka. Khuê alikuwa akimbeba mkewe kwenda bafuni, na mikono yake ikawa inahisi tofauti kabla mizani haijasema.

Kulikuwa na mlango mmoja tu ambao hakuugonga. Ulikuwa wa Ngà.

Kuijua sababu ni lazima kurudi nyuma miaka sita. Wakati huo mume wa Ngà, Trực, alikuwa hai. Alikuwa amefanya kazi na Khuê kiwandani kwa miaka mingi, na wote wawili walioa wanawake wa Sóc Trăng. Trực aliweka akiba akafungua mgahawa mkubwa karibu na kituo cha treni cha Noisiel. Kwa siku ya ufunguzi walimwomba Lài awe mteja wa kwanza.

Hawakuwa wao tu. Lài alijulikana kwa mguu wake mwepesi. Wenye saluni, wauza vitambaa, wauza mboga wa sokoni Lognes, wote walimpigia simu mwanzo wa mwaka. Alikuwa akiingia dukani anacheka, ananunua kitu kidogo, analipa bila kuuliza bei, na watu wanaapa kwamba foleni ilimfuata.

Asubuhi ya ufunguzi, Lài aliamka na homa kali. Khuê hakumwamsha. Alivaa koti lake jipya akaenda badala yake, akasema ametumwa na mkewe, akala bakuli la kwanza, akalipa, watu wakapiga makofi.

Jambo ambalo hakulisema ni kwamba mama yake alikuwa amefariki Sóc Trăng siku chache kabla. Hakuweza kusafiri kumzika. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote isipokuwa mkewe. Na mtu mwenye msiba mbichi haingii kwenye duka la mwenzake siku ya ufunguzi, sembuse kuwa wa kwanza. Hilo hata watoto wanalijua.

"Lài angekuwa macho, angenizuia," anasema. "Mimi nilifikiri, watu wametandika meza, wameweka maua, wanasubiri mtu. Nikiwaangusha itakuwaje? Nikitangaza msiba leo, nitawaharibia siku. Nikaona bora ninyamaze. Nilikuwa mjinga."

Baada ya miezi michache barabara ya mbele ya mgahawa ilichimbwa. Kisha korona ikaja, milango ikafungwa. Mgahawa haukufunguliwa tena. Kiangazi hicho Trực alianguka sebuleni akafa kwa moyo.

Hakuna aliyemlaumu Khuê, kwa sababu hakuna aliyejua. Aliyewajulisha ni yeye mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa kifo cha mama yake ulipotimia, aliandaa chakula cha kumbukumbu kama inavyopasa, akaalika marafiki. Walipokuwa mezani mtu akauliza mama alifariki tarehe ngapi. Khuê akajibu. Wageni wakaanza kuhesabu kimyakimya, na mmoja baada ya mwingine wakafika kwenye siku ileile.

Ngà alikuwa miongoni mwao, bado amevaa nguo za ujane. Aliweka vijiti vyake chini, akasimama, akaondoka bila kuvaa koti.

"Watu wanasema ni barabara, wanasema ni korona," anasema Ngà leo, akipunguza moto chini ya sufuria inayomfika kifuani. "Barabara ilichimbwa kwa wote. Korona ilikuja kwa wote. Wengine mbona wamesimama? Mimi nimezika."

Baadaye alifungua mgahawa mdogo huu wa Torcy, meza sita, na akaamua kupika chakula cha kwao tu. Tambi ananunua kiwanda kingine. Kwa hiyo Khuê alizunguka vitongoji vyote akitafuta supu iliyokuwa inachemka umbali wa dakika chache kutoka kitandani kwa mkewe, kwenye sufuria ya mtu asiyeweza kumtazama usoni.

Aliyevunja ukimya ni Quyên, binti yao wa pekee, anayefanya kazi kwenye duka la dawa huko Bussy. Jumapili moja ya Septemba alikuja na kopo la supu asubuhi na mapema, hakusema limetoka wapi. Jumapili mgahawa wa Ngà hufunguliwa saa moja na watu hupanga foleni, kwa hiyo kununua si shida. Lài alinusa. Akafungua mdomo. Akala mpaka kopo likabaki na majani tu.

"Baba alikaa sakafuni akalia," anasema Quyên. "Halafu akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia, 'Ya shangazi Ngà.' Akaacha kulia palepale, uso ukawa kama karatasi."

Jumatatu hadi Jumamosi ndiyo ilikuwa shida. Siku hizo mgahawa hufunguliwa saa tano, na saa tano Lài ameshageukia ukutani. Supu ya jana ikipashwa moto harufu inageuka, haitaki. Iliyobaki ni kununua alfajiri, pindi supu inapoiva, kabla ya mteja yeyote. Yaani Khuê awe mteja wa kwanza wa Ngà.

Alimtuma kijana wa kiwandani akanunue. Ngà alimuuliza ametumwa na nani, akafunga mlango.

"Mara ya kwanza alikuja akasema ametumwa na Lài," anaeleza Ngà. "Nimeshaona matokeo ya watu wa kutumwa. Sitaki tena."

Na kumpa bure? Anaangalia kwa mshangao, kama ameulizwa kama angelala barabarani. "Kutoa kitu kabla hujauza hata sahani moja? Hiyo si nuksi, hiyo ni kujizika."

Mwanzoni mwa Oktoba mizani ilionyesha kilo thelathini na saba. Alfajiri iliyofuata Khuê aligonga ule mlango wa chuma mwenyewe. Ngà alifungua, akamwona, akataka kufunga. Khuê aliweka kiatu mlangoni.

"Nikamwambia, 'Dada, najua mimi ni nani kwako. Niuzie, halafu choma. Choma mbele yangu, choma kila siku, choma gazeti zima kama unataka. Sitasema neno.'"

Ngà anakumbuka aliipokea hotpoti, mvuke ukimpiga mgongoni. "Nilidhani atachoka siku ya tatu. Mwanaume gani anavumilia kuchomewa karatasi kama jini?"

Hajachoka. Asubuhi hii, kama zote, anapanda ngazi za jengo lao la Lognes akiwa amekumbatia hotpoti, kwa sababu lifti imeharibika tangu wiki iliyopita. Muuguzi wa kutembelea majumbani ameshamgeuza Lài na kumwegemeza kwenye mito. Chumba kina joto. Nywele za mama huyu zimechanwa na kubanwa kwa kibanio chekundu.

"Mama, supu imekuja," anasema Khuê.

Lài anageuza uso kuelekea kwenye harufu. Anashika kijiko kwa mkono wa kushoto, mwenyewe, na mumewe anaweka kiganja chini ya kidevu chake. Anakula polepole. Nusu bakuli. Kisha anafunga macho, na Khuê anajua kwamba ndiyo imetosha.

Uzito wake haujaongezeka. Haujashuka pia. Daktari atampima tena wiki moja kabla ya Tết, mwaka mpya wa Kivietnamu, katikati ya Februari. Alisema atatoa uamuzi siku hiyo.

"Quyên ananiambia, 'Baba, unajidhalilisha,'" anasema Khuê akisuuza hotpoti. "Nikamwambia, mwanangu, nikiona ule moto kwenye kioo najua supu iko kwenye gari. Siku nisipouona ndiyo siku mbaya."

Anaamini kweli kwamba mguu wake ndio uliomuua rafiki yake? Anafunga bomba, anakausha mikono taratibu.

"Naamini nilikuwa na msiba na nikaingia. Hayo mengine sijui. Lakini kama nisingeingia, leo nisingekuwa najiuliza."

Hajamwambia Lài supu inatoka wapi. Hakuona haja ya kumrudisha kwenye habari zile. Lakini siku chache baada ya Krismasi, Lài alipokea kijiko cha kwanza, akakishikilia mdomoni, akameza, akasema neno moja kwa sauti iliyonyooka kuliko maneno yake yote ya miezi hiyo. Alisema, "Ngà."

Tangu hapo Khuê ana mpango, na anaueleza kwa sauti ya chini ili asisikike chumbani. Anataka, siku Ngà atakapofungua mgahawa baada ya Tết, ampeleke Lài kwa kiti cha magurudumu. Si kwa mlango wa nyuma. Kwa mlango wa mbele, amevaa nguo yake ya hariri ya zambarau, awe mteja wa kwanza wa mwaka, kama alivyotakiwa kuwa siku ile. Hajathubutu kumwomba Ngà. Anajua jinsi watu wanavyoliona jambo la mgonjwa kuingia dukani siku ya kwanza ya mwaka.

Ngà anausikia mpango huo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwandishi, akiwa anakata ua la mgomba kuwa nyuzi nyembamba. Kisu hakisimami.

"Amechanganyikiwa," anasema. "Mgonjwa anifungulie mwaka? Wateja watasema nini? Mwambie aendelee kuja kwa nyuma na chombo chake, na ashukuru."

Anaambiwa pia kwamba daktari ataamua kabla ya Tết, na kwamba Lài alilitaja jina lake.

Kisu kinasimama. Ngà anainua upawa, anaonja supu ambayo ameshaionja, anautia tena ndani. Anageukia sufuria, mgongo ukitazama chumba.

"Alilisema vizuri?"

"Vizuri. Alinyoosha kabisa."

Mchuzi unatokota. Nje lori la mboga linarudi nyuma likilia.

"Kwa Lài sichomi," anasema hatimaye, bado hajageuka. "Na mlango wa mbele una ngazi tatu. Mwambie kaka Sáu alete mbao. Na asingoje Tết, akili za madaktari nazijua. Aje wiki hii."

Ni mara ya kwanza kwa miaka mitano Ngà kumwita Khuê kaka. Mwandishi anampigia simu Khuê, ambaye yuko njiani na tambi za Bussy. Anasikiliza mpaka mwisho. Kinachosikika ni indiketa ya gari lake ikigonga, na magari yakimpigia honi kwa nyuma.

"Ngazi tatu," anasema. "Nitapima upana kesho, akishachoma."